Misonobari ya Sakafuni

Siku ya kuniaga nilipostaafu kwenye kituo cha utafiti wa misitu pale Kitale nilisimama nikasema yale yanayosemwa. Nilishukuru, nikataja majina, nikakata keki, nikaketi. Chebet, ambaye sasa ndiye amekalia kiti changu katika kitengo cha kuzalisha miti, alinisindikiza mpaka langoni akaniambia, "Madam, hukusema kitu juu ya kazi yenyewe." Alikuwa sahihi. Sasa niko nyumbani Matulo, miezi michache imepita, magoti yangu hayataki ngazi tena, na muda ninao. Ninaandika haya kwa ajili yake na wenzake. Vyeo na mshahara sitavigusa. Nitaandika juu ya Mzee Hamisi, juu ya misonobari aliyoipenda, na jinsi misonobari hiyo ilivyoisha, kwa sababu mkono wangu umo.

Nilifika siku ya kwanza na cheti changu cha sayansi ya mimea ndani ya bahasha, nimevaa sketi na viatu vya kisigino kifupi, nikitarajia kuonyeshwa hadubini. Mkuu wa kituo alinipeleka nyuma ya kitalu cha miche, kwa mtu mfupi mwenye kofia ya baraghashia iliyofifia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akishona mkanda wa kupandia miti.

"Huyu ndiye Nekesa," mkuu alisema, akaenda zake.

Mzee Hamisi aliniangalia miguu. "Suruali unayo nyumbani?"

"Ninayo."

"Kesho uje nayo. Leo utashika ngazi."

Nikashika ngazi kutwa nzima. Kesho yake nilipanda, yeye akiwa nyuma yangu, bega lake karibu na kisigino changu. "Usiangalie chini," aliniambia. "Juu pia usiangalie. Angalia gome lililo mbele ya pua yako. Likiisha hilo, kuna lingine." Nilipofika penye matawi ya kileleni nilifunga mkanda, nikashika shina kwa mikono miwili, nikalia. Mzee alianza kukagua koni moja, lile tunda la magamba la msonobari, iliyokuwa karibu naye, akaikagua kwa muda mrefu sana, hata mimi nisiyejua kitu nilielewa kwamba koni ile haikuwa na lolote la kukaguliwa. Niliponyamaza akanipa bomba la sindano na kusema, "Haya, tuzalishe."

Kazi yetu ilikuwa kuchanganya aina mbili za msonobari, ule mti ambao sote kituoni tunauita paini. Wa kwanza ni patula, ambao majani yake marefu yananing'inia kama nywele zilizolowa. Huota haraka na mbao zake ni safi, lakini kiangazi kikikaza unateseka. Wa pili tuliuita gregi. Majani yake ni mafupi na yamesimama kama brashi. Gregi huvumilia ukavu, ila udongo ukilowa maji mizizi yake huoza, na mara nyingi hukua kombo. Yote miwili ilitoka milima ya Meksiko. Wakubwa walitaka mtoto wa hao wawili aliyechukua mazuri ya kila upande.

Utaratibu wenyewe mnaujua, lakini nauandika kwa sababu nimeona vijana wakiuharakisha. Koni ya kike ikiwa bado changa, ndogo kama punje ya maharagwe na yenye wekundu, unaifunika kwa mfuko kabla haijafunguka, ili upepo usiiletee chavua ya mti mwingine. Unarudi kila asubuhi. Siku magamba yake yanapoachana kidogo tu, ndiyo siku. Unatoboa mfuko kwa sindano, unapuliza ule unga wa njano wa baba uliyemchagua, unaziba tundu, unaandika kibandiko. Halafu unangoja karibu miaka miwili koni ikomae. Mwenye haraka aende akafuge kuku.

Neno chotara halikutumika katika kitengo chetu. Mwanzoni nililitumia, kwa sababu ndilo lililokuwa katika vitabu, na Mzee Hamisi aliacha kunisemesha mpaka saa ya chakula. Alizaliwa Bungoma mjini, katika nyumba zilizo karibu na msikiti. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka mbali, na mama yake alikuwa Mbukusu wa Kamukuywa. "Shuleni waliniita hilo neno kila siku," aliniambia tukiwa tunakula viazi. "Kwa baba wananiambia mimi ni wa kwa mama. Kwa mama wananiambia nirudi kwa baba. Mti haujanikosea kitu, kwa nini niuite hivyo?" Toka siku hiyo tulisema mchanganyiko, na ripoti zote zilizotoka kwetu zilisema hivyo hivyo, hata wakubwa waliposahihisha kwa kalamu nyekundu.

Tulikuwa na siku za kuwaonyesha wakulima miche. Siku moja walikuja kutoka Ndalu. Mtu akitoka Ndalu huhitaji kumweleza haibridi, amepanda mahindi ya haibridi maisha yake yote. Mzee mmoja aliyeitwa Wekesa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hii miti, si ni kama mahindi? Nikirudia mbegu ya shamba yangu, mwaka wa pili inakuwa takataka bana. Ati moja ndefu, moja fupi, ingine haina kitu. Hii paini yenu ikizaa, watoto watafanana na nani?"

Wenzangu walicheka. Mzee Hamisi hakucheka. "Sijui," alimjibu. "Hilo ndilo swali."

Kesho yake alikwenda kwa Daktari, mtafiti aliyekuwa kiongozi wa kitengo chetu, akamwuliza lile swali la Wekesa. Mimi nilikuwepo. Daktari alituketisha. Alisema kuna mimea, kama ngano, ambayo aina mbili zikichanganyika idadi ya kromosomu huongezeka, na papo hapo mtoto hawezi tena kuzaa na wazazi wake, amekuwa aina mpya. Misonobari na jamaa zake ni nadra kufanya hivyo. Mtoto hubaki na idadi ile ile ya wazazi, kwa hiyo chavua ya mama au ya baba ikimfikia humpokea, na baada ya vizazi vichache amemezwa, huoni tena alipokuwa. "Isipokuwa," Daktari alisema, "apate mahali ambapo wazazi hawawezi kuishi." Akatueleza kwamba katika milima mirefu ya Asia uko msonobari wa namna hiyo, uliotokana na aina mbili za bondeni, ukapanda juu kwenye baridi ambako wazazi wote wawili hawafiki. Huko umezaana wenyewe kwa wenyewe hadi leo, na ni aina kamili yenye jina lake. Hakuna mtu aliyeupanda.

Mzee Hamisi aliuliza jambo moja tu. "Juu ya Elgon, tuna mahali pabaya kiasi gani?"

Pabaya palikuwepo. Kwenye mteremko upande wa Bungoma, juu kuliko mashamba yote ya paini, kuna mwamba mpana uliolala bapa. Wafanyakazi walipaita Sakafuni. Udongo uko kwenye mifuko ya mawe tu. Kiangazi unakauka mpaka unapasuka, na mvua za masika zikija maji yanatuama hapo wiki kadhaa. Daktari alikubali tupande jaribio dogo: mistari ya patula, mistari ya gregi, na mistari ya mchanganyiko katikati. Tulibeba miche mgongoni, kwa sababu gari liliishia mbali. Nilikuwa na mimba ya Nasimiyu, binti yangu wa kwanza, na Mzee alikataa nibebe kitu chochote isipokuwa daftari.

Mambo yalikwenda kama mlima ulivyotaka. Patula ilinyauka kiangazi cha pili, mche baada ya mche. Gregi ilivuka kiangazi, ikaja kuoza mizizi kwenye mvua. Baada ya miaka mitano mistari ya wazazi haikuwa na mti hata mmoja, na katika faili la kituo mtu aliandika: jaribio la Sakafuni limeshindwa, limefungwa. Kwa mistari ya wazazi ilikuwa kweli. Ile ya katikati, ambayo mwandishi hakupanda mlima kuiona, ilikuwa hai. Haikuwa mirefu. Ilikuwa na majani ya urefu wa kati, yaliyosimama nusu na kuinama nusu, na shina nene chini.

Tuliendelea kupanda mlima kwenda kule mimi na Mzee, mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa kibali cha Daktari na bila kelele. Miti ile ilizaa koni. Miche ikaota yenyewe kwenye nyufa za mwamba. Tulipima majani ya watoto tukitarajia lile alilolisema Wekesa, huyu mrefu, huyu mfupi. Wapo waliokuwa hivyo mwanzoni, na mlima ukawaua. Waliobaki walifanana na mama zao. Kisha tukagundua jambo lililomfanya Mzee aketi chini. Kwa sababu ya baridi, koni za Sakafuni zilifunguka wiki kadhaa baada ya zile za mashamba ya chini. Upepo ulipoleta unga wa patula kutoka bondeni, koni za juu zilikuwa bado zimefungwa. Zilipofunguka, unga wa bondeni ulikuwa umekwisha. Miti ya juu ilibaki kuzaana yenyewe kwa yenyewe.

"Wanaulizwa wao ni wa nani," Mzee Hamisi alisema, mkono wake ukiwa juu ya mti mmoja uliomfika kifuani. "Hawa si wa patula, si wa gregi. Hawa ni wenyeji wa hapa."

Tulimpelekea Daktari vipimo. Alifurahi, lakini alikuwa mtu wa tahadhari. "Vizazi vitatu," alisema. "Kizazi cha tatu kikizaa koni, tutaliandikisha eneo lihifadhiwe, na tutaandika makala. Kabla ya hapo watatucheka." Daktari alihamishwa kabla ya kuona kizazi hicho. Mzee Hamisi alistaafu, akarudi Bungoma kwa mke wake, Mama Zubeda. Siku anaondoka alinishika mkono langoni. "Usiache kwenda," alisema. Nilimwahidi.

Nilikwenda. Miaka ya kwanza nilikwenda kila msimu, nikimpigia simu nikishuka, naye akiniuliza mti mmoja mmoja kama mtu anayeulizia wajukuu. Baadaye nikawa mkuu wa kitengo, mikutano ikaongezeka, goti la kulia likaanza. Nikawa naenda mara moja kwa mwaka. Mara ya mwisho niliona koni changa kwenye kizazi cha tatu. Nilimpigia simu hapo hapo mwambani. Akasema, "Sasa andikisha." Nikasema nitaandikisha. Fomu ya kuandikisha ilitaka ramani mpya iliyopimwa, na ramani ilitaka mpimaji, na mpimaji alikuwa na kazi zake. Nikaiweka kwenye trei. Ilikaa humo zaidi ya mwaka.

Hapa ndipo penye kile ambacho sikukisema siku ya keki. Ofisi moja ya misitu ilikuwa ikitayarisha kibali cha kuvuna paini upande ule wa mlima. Waliandikia vituo vyote: kama kuna jaribio la utafiti ndani ya mipaka hii, litajeni. Barua ilinifikia Ijumaa mchana, na jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha, gari letu lilikuwa gereji. Nilifungua faili. Likasema Sakafuni, jaribio limeshindwa, limefungwa. Nilitazama namba za mipaka kwenye barua nikaona zinaishia chini ya mwamba. Sikuchukua rula kupima. Nilisema moyoni kwamba kule juu hakuna mtu atakayepanda kufuata vimiti vifupi. Nikaandika: hakuna jaribio linaloendelea. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri, nikamtuma tarishi. Kazi ile yote haikuchukua muda wa kunywa chai.

Nimelifikiria sana lile jibu. Sikulazimishwa na mtu yeyote, wala sikudanganywa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka barua itoke mezani.

Habari aliniletea Chebet, wakati huo akiwa mgeni kituoni. Alikuwa amepanda mlimani kukusanya mbegu za mutarakwa, yaani mwerezi, akarudi na picha kwenye simu. "Madam, hapa si ndipo ulisema utanipeleka?" Niliona visiki. Wavunaji walikuwa wamefika mpaka ukingo wa mwamba na kuupita. Vimiti vile havikuwafaa kwa mbao, walivikata kupata njia ya kuburuta magogo.

Nilipanda kesho yake pamoja naye. Tulipekua matawi yaliyolala chini, tukakusanya koni zilizokuwa zimekomaa. Hazikuwa nyingi, na nyingi zilikuwa zimepondwa. Zile mbegu tulizipanda Kitale, nanyi mnaipita miti yake kila siku nyuma ya stoo ya vifaa. Lakini Kitale hakuna ile baridi. Miti hiyo inachanua wakati mmoja na patula za jirani, na mnaona wenyewe watoto wake, kila msimu majani yanarefuka na kuning'inia zaidi. Tulijaribu mifuko, tukaweza kwa matawi machache. Huwezi kuufunika mti mzima maisha yake yote. Kilichowafanya wawe wao kilikuwa ule mwamba, na baada ya magogo kuburutwa juu yake mvua iliosha udongo wote.

Nilikaa wiki tatu kabla ya kwenda Bungoma. Mzee Hamisi alikuwa amedhoofika, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mama Zubeda aliniletea chai ya tangawizi akatuacha sebuleni. Mzee aliuliza watoto, akauliza goti langu, kisha akauliza, "Na kule juu?"

"Wamekata, Mzee."

"Wamekata nini?"

"Yote."

Nje mtu alikuwa akipiga nyundo bati. "Hawakuuliza kituo?" alisema hatimaye. "Siku zetu walikuwa wanauliza."

"Waliuliza."

"Nani aliwajibu?"

Njia nzima kutoka Kitale nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya faili, mvua, gari, namba za mipaka. Yote yalinitoka. "Ni mimi," nilisema. "Sikwenda kuangalia. Niliandika hakuna kitu."

Alinielekezea uso, ingawa sidhani aliniona vizuri. Nilingoja anigombeze. Ningeshukuru angenigombeza. "Umefanya vizuri kuja mwenyewe," alisema. Akatafuta fimbo yake kwa mkono, akainuka. "Ngoja nitawadhe. Saa ya adhuhuri imekaribia."

Niliendelea kumtembelea miaka miwili iliyofuata. Tuliongea juu ya Nasimiyu, juu ya bei ya sukari, juu ya maumivu ya mifupa. Juu ya miti hakunitajia tena hata mara moja, nami sikuthubutu kuanza. Alipofariki nilipigiwa simu asubuhi. Waislamu hawachelewi kuzika. Nilipofika Bungoma watu walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini. Mama Zubeda alinipokea mlangoni, tukakaa kwenye mkeka. Nilimwuliza kama Mzee aliwahi kumwambia juu ya Sakafuni.

"Aliniambia imekatwa," alisema. "Nikamwuliza nani kakata. Akasema, watu."

Hilo ndilo lililonivunja kuliko yote. Aliondoka bila kuliacha jina langu nyumbani kwake.

Wiki ya mwisho kazini nilimwomba Chebet tupande pamoja. Alitazama magoti yangu, akasema tutakwenda polepole. Tulianza mapema, tukapumzika kila baada ya hatua chache, tukafika jua likiwa tayari kali. Ng'ombe walikuwa wanalamba maji kwenye mashimo ya mwamba. Visiki vilikuwa vimeoza. Tulianza upande mmoja tukaenda mpaka mwingine, yeye akichungulia nyufa za mbali, mimi za karibu. Tulipata miche saba. Kila mmoja niliupigia magoti, nikavuta jani, nikalilaza kwenye rula. Yote ilikuwa patula, mbegu zake zimepeperushwa kutoka chini, na ncha zake zilikuwa zimeshaanza kugeuka njano kwa kiangazi.

Chebet alikuwa amefungua daftari. Alingoja nipate pumzi. "Madam, niandike aje?"

"Andika tulipanda tukatafuta mwamba mzima. Andika misonobari ya Sakafuni ilikuwepo, vizazi vitatu, na sasa haipo. Andika sababu."

Kalamu yake ilisita. "Sababu niseme uvunaji?"

"Sema kituo kiliulizwa, na kikajibu bila kuangalia. Weka jina langu, si la kituo."

Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, kisha akanipa daftari. Nilisoma kila neno, nikatia sahihi, tukaanza kushuka.